Giga Kumi na Tisa za Mama wa Kufulia

Jumatatu, 4 Machi

Umepotelea wapi wewe? Jumapili tano! Kila Jumatatu asubuhi nafungua hili sanduku la barua kabla hata sijavua mtandio, natazama chini ya maneno yangu kama umeweka lako, na chini ni kweupe kama shuka ambayo haijalaliwa. Hata "mama hujambo" imekushinda? Vidole vimeota kutu?

Nikukumbushe mkataba wetu, maana naona unajitia hamnazo. Ulipokwenda huko kumtunza mzee wa watu, ulisema: Mama, mwenye nyumba anachungulia kila kinachoingia kwenye simu yangu, kwa hiyo usinitumie kitu. Andika kwenye kompyuta ya kufulia hapo hospitalini, usibonyeze "tuma", bonyeza "hifadhi". Barua itakaa kwenye rasimu. Jumapili nikipumzishwa nitakwenda maktaba, nitaingia sanduku lako hilohilo kwa neno lako la siri, nitasoma, nami nitaandika hapohapo chini yako. Nikakujibu sawa, ila karatasi iwe moja tu, tusije tukatafutana kwenye karatasi kumi kama watu waliopotezana sokoni. Ukacheka, ukakubali. Sasa karatasi ni moja kweli, aliyepotea ni wewe.

Mwanao hajambo. Kifaranga wako anasimama. Anashika ukingo wa kikapu cha nguo chafu, anajikaza, anasimama, anatazama huku na huku kama mkaguzi. Nimempiga picha saba kwa ile simu ya zamani aliyonipa Pasi, mwenzangu wa meza ya pasi, mwezi wa kwanza, nimezibandika humu pamoja na zile nyingine. Utazame. Wewe ulimwacha akilala ndani ya kikapu hichohicho.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Shuka hazikauki. Hujaja.

Jumamosi, 9 Machi

Paa linavuja kwenye kile kichumba kilichokuwa stoo yetu ya sabuni. Siku hizi wameweka humo seva. Seva ni kabati jeusi lenye taa za kijani, linavuma mchana kutwa kama mtu mnene aliyelala chali. Ndani yake ndimo zinamokaa barua za hospitali nzima, za daktari mkuu na za mpishi, na hii yako na yangu imo humohumo. Kwa hiyo nilipoona tone linaanguka shibri moja kutoka kwenye kabati, sikumuuliza mtu. Nilikinga ndoo.

Akaja fundi wa kompyuta, yule mwenye upara ambaye hutembea na nyaya shingoni kama daktari na kipimo chake. Sisi tunamwita Nyaya.

"Mama, nani kaweka maji karibu na mitambo?"

"Maji yameletwa na mvua, baba. Mimi nimeleta ndoo."

Akatazama juu, akatazama ndoo, akaondoka zake. Nimemwona ni mtu wa kujisikia.

Jumatatu, 11 Machi

Jana hukuja. Na jana ndiyo mwanao ametembea. Hatua tatu, kutoka kwenye kikapu hadi mguuni kwangu, mikono juu kama aliyekamatwa na askari. Picha kumi na nne. Sikuweza kuchagua, nimeziweka zote.

Alhamisi, 14 Machi

Simu imekufa. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni la wanga, ikachomoka kifuani, chubwi. Pasi akaizika kwenye mchele siku nzima, haikufufuka. Picha zote za Kifaranga zilizokuwa humo zimekwenda. Zilizobaki duniani ni hizi nilizobandika kwenye barua hii, mia moja na arobaini kasoro mbili. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kioo.

Nimelia kidogo, kisha nimejikaza kisabuni. Ziko humu, kwenye kabati letu. Nimehamisha ndoo nikaweka kubwa zaidi.

Jumatatu, 18 Machi

Hujaja, na mimi nimekuwa mtu maarufu.

Nyaya ameingia kufulia na karatasi mkononi, uso umemsawijika. "Nani hapa anatumia sanduku la kufulia?"

Nikasema ni mimi, kwani kuna nini, kuna mtu kaibiwa foronya?

"Mama, seva imejaa. Nimetafuta ni nani ameijaza. Daktari mkuu ana giga mbili. Ofisi ya mapokezi ina giga tatu. Kufulia kuna giga kumi na tisa!"

Pasi akaachia kicheko mpaka akakaa juu ya shuka za upasuaji. "Shoga, kumbe wewe ndiye daktari mkuu!"

Mimi giga sizijui, lakini nimejua kwamba kumi na tisa ni kubwa kuliko mbili, na sitakuficha, kiburi kilinipanda. Nikamwambia anieleze vizuri, asinitupie maneno kama anayefukuza kuku. Akavuta ndoo tupu, akaipindua, akakaa. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vingine. Mtu wa kujisikia hakai juu ya ndoo.

Akasema hivi: kila nikifungua barua yako nikaongeza neno moja, nikabonyeza "hifadhi", seva haiongezi lile neno tu. Inaandika barua nzima upya, na picha zake zote, inaiweka pembeni, na ile ya zamani haiitupi. Jioni yake nikiongeza neno jingine, inaandika yote tena.

Nikamwambia: "Yaani ni kama nimeongeza foronya moja, nawe unafua upya mzigo wote, unautundika kwenye kamba nyingine, na ule wa jana hujauanua?"

Akanitazama. "Mama, miaka sita nafanya kazi hii, sijasikia mtu akieleza hivyo."

"Sasa nani mjinga, mimi niliyeongeza foronya au kabati lako lisilojua kuanua?"

Akacheka. Ana pengo la jino, hilo ndilo linalomfanya afunge mdomo siku zote.

Jumatano, 20 Machi

Pamebandikwa tangazo mlangoni pa mapokezi. Nimelisoma mwenyewe, neno kwa neno, watu wakinisubiri nyuma. Linasema: kwa kuwa seva imejaa, tarehe 15 Aprili rasimu zote za watumishi wote zitafutwa, na kuanzia siku hiyo seva haitahifadhi rasimu wala viambatisho vyake. Mwenye barua aitume au aiache. Chini, sahihi ya msimamizi wa ofisi.

Pasi akasema, si ujitumie mwenyewe, uipokee upya? Nikamkimbilia Nyaya. Akasema haitoki, ni nzito mno, seva haitumi mzigo wa namna hiyo. Atanitolea picha aziweke kwenye flashi.

"Mwanangu ataingiaje ndani ya flashi?" nikamuuliza.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda kwa msimamizi. Tunamwita Bwana Utaratibu, maana hata akipiga chafya hutazama saa kwanza. Sikubisha mlango, mikono ilikuwa imejaa mapazia yake.

Akasema: "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Nimeelezwa utaalamu wake, nimeuelewa. Wewe umeelezwa?"

"Rasimu ni kitu ambacho hakijakamilika. Barua isiyotumwa si barua."

Hapo akanikata maini. Nikaweka mapazia mezani pake, juu ya makaratasi yake yaliyopangwa.

"Nisikilize, baba. Mimi darasa sikulijua. Herufi nimejifunzia kwenye shuka za hospitali hii, nikiwa na miaka hamsini na moja. WADI YA WAZAZI, nilijua 'W' kabla ya kujua jina langu linaandikwaje. WADI YA WATOTO. UPASUAJI. Mwanangu akanishika kidole akanionyesha vibonye. Kila neno lililomo humo nimelitoa kwa kidole kimoja. Na linasomwa! Barua ni ile inayosomwa. Hizo zako zinazotumwa kila asubuhi, nani anazisoma?"

Akasema anayo kazi. Nikamwambia mimi pia, na mapazia yake naondoka nayo nikayashone vifungo, vitatu vimekatika.

Yule mtu hana damu mwilini, ana wino.

Jumatatu, 25 Machi

Hujaja. Mvua. Kifaranga ameota meno mawili ya chini.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Ndoo mbili sasa. Nyaya anamwaga moja, mimi namwaga nyingine, hatuulizani.

Alhamisi, 4 Aprili

Kumbe si mimi peke yangu! Tangu lile tangazo watu wanaingia kufulia mmojammoja, eti wanauliza shuka. Mpishi ana barua ya kumwomba radhi ndugu yake, ameianza mwaka juzi, kila wiki anabadili neno moja. Muuguzi wa wadi ya wazazi ana barua ya kuacha kazi. Anasema kila akichoka huifungua, huisoma, hujisikia nafuu, hurudi kazini. "Mama, wakiifuta hiyo nitaacha kazi kweli," akasema. Mlinzi wa getini hakusema yake inamhusu nani, ila aliona haya mpaka masikioni, na Pasi hatamwacha apumzike mwezi mzima.

Nikawaambia: mnaninong'oneza mimi nifanye nini? Msitie maji kinywani. Nendeni mkamwambie Bwana Utaratibu. Wakatazama chini. Haya. Nitakwenda mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Hujaja.

Leo nitasema lililo moyoni, na sitalifuta. Mimi napigania karatasi hii, nagombana na watu wenye ofisi zao, na mwenye karatasi hana habari. Nimeanza kuwaza kwamba huko umeshazoea. Kwamba Jumapili zako zina watu wengine. Kwamba mtoto unayemsoma kwenye picha si sawa na mtoto anayekulilia, na picha unaweza kuifunga ukaenda zako. Jana Kifaranga alimwita Pasi "mama". Pasi alinitazama kama aliyeiba. Nilimnyanyua mtoto nikamwonyesha kompyuta, nikamwambia, mama yako yumo humu. Akapiga kioo kofi.

Kama una la kujitetea, tetea. Kama huna, ujue mimi sichoki.

Ijumaa, 12 Aprili

Asubuhi nimehamishia meza yangu ya pasi mlangoni pa kichumba cha seva. Mlango ni mwembamba, meza ni pana. Nimechomeka pasi, nimeweka rundo la shuka kulia, Kifaranga ndani ya kikapu kushoto, nimeanza kazi. Pasi, bila kuambiwa, akaleta meza yake akaiunganisha na yangu.

Saa tatu akaja Bwana Utaratibu na Nyaya, waanze matayarisho ya kufuta.

"Mama, tupishe."

"Napiga pasi."

"Mahali pako pa kazi ni kule."

"Kule panavuja. Hapa pia panavuja, lakini hapa nina ndoo zangu. Tazama, zile zote ni zangu. Bila hizo kabati lako lingekuwa linaogelea tangu mwezi uliopita."

Akamgeukia Nyaya. "Ni kweli?"

Nyaya akafungua mdomo wake wenye pengo. "Ni kweli, bwana. Na kuna jingine. Sikulisema mapema kwa sababu hukuniuliza, uliniambia tu nifute. Rasimu si tatizo. Tatizo ni nakala. Picha moja imewekwa mara mia. Nikipata diski ile ya akiba iliyo ghalani, nitaifanya ya viambatisho peke yake. Kila picha ikae humo mara moja tu, na barua ziwe zinaielekezea kidole: picha iko pale. Nakala za zamani zianuliwe."

"Zianuliwe?" Bwana Utaratibu akauliza.

"Kama nguo," Nyaya akasema, akanitazama pembeni.

Huku nyuma yao watu walikuwa wanajikusanya. Mpishi na aproni yake. Muuguzi. Mlinzi, ambaye sijui geti alimwachia nani. Hakuna aliyeondoka. Bwana Utaratibu akawatazama mmoja mmoja, akauliza, nyinyi nyote mna rasimu? Mpishi akasema, "Ninayo moja, bwana. Bado neno la mwisho." Kifaranga akasimama ndani ya kikapu akampungia mkono.

"Unahitaji muda gani?" akamuuliza Nyaya.

"Kesho mchana."

"Kesho saa nane. Ikibaki imejaa, tunafuta."

Akageuka. Akarudi. Akaniuliza vile vifungo vya mapazia nimevishona. Nikamwambia vimeshonwa tangu wiki iliyopita, yametundikwa ofisini kwake, hatazami madirisha yake mwenyewe?

Jumamosi, 13 Aprili

Kaa vizuri kabla hujasoma hii.

Mvua ya leo haikunyesha, ilimwagwa. Saa nne maji yakaingia kufulia kwa chini ya mlango, yakaelekea kichumbani. Mimi na Pasi tukakunja mablanketi ya wadi tukayapanga kizingitini. Nikainua kichwa, nani namwona? Bwana Utaratibu, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myembamba kama vijiti vya kibiriti, anateka maji kwa ndoo yangu ya bluu. Alimwaga ndoo ishirini na sita. Nilimwona akizihesabu kwa midomo. Ana damu yule mtu, niliandika vibaya. Sifuti nilichoandika, lakini naongeza hiki.

Nyaya alikuwa ndani amechuchumaa juu ya kiti, anafanya kazi. Aliifunga ile diski ya akiba, akaiambia seva viambatisho vyote viende huko, kimoja kikae mara moja. Akaianua ile mizigo ya zamani. Saa saba akaniita, kaa hapa mama, uone. Zile giga zangu kumi na tisa zikawa zinashuka mbele ya macho yangu, kumi na moja, saba, mbili. Zikaendelea kushuka, ndipo zikasimama. Nusu giga haifiki.

"Picha ngapi?" nikauliza.

"Mia moja thelathini na nane."

Hakuna iliyopotea. Nikaomba anionyeshe ile ya hatua tatu. Ipo.

Kisha akasema, "Mama, kuna kitu nimekiona kwenye kumbukumbu za seva. Huyu anayeingia sanduku lako kutoka mbali ni nani?"

Nikasema ni mwanangu, lakini ameacha kuja, sasa ni miezi miwili.

"Hajaacha."

Akageuza kioo. Mistari midogomidogo, siwezi kuisoma haraka, akawa ananiwekea kidole. Jumapili, 4 Februari, saa tisa alasiri, ameingia. Amekaa nusu saa. Jumapili, 11 Februari, ameingia. Ya 18. Ya 25. Jumapili ya hatua tatu. Jumapili iliyopita, ile ambayo kesho yake nilikuandikia maneno yale. Jumapili kumi, mwanangu. Hukukosa hata moja.

"Kusoma alikuwa anasoma," Nyaya akasema. "Kuandika ndiko kulikokataliwa. Anayehifadhi kutoka nje ana kikomo cha uzito, na barua yako imepita kikomo hicho tangu zilipozidi picha. Akiongeza neno lake akabonyeza 'hifadhi', barua nzima inabebwa pamoja na picha zake, seva inaitupa. Hapa kajaribu. Hapa tena. Hapa mara nne kwa siku moja."

"Alikuwa ameandika nini?"

"Hayakuhifadhiwa, mama. Hatuna. Kuna alama tu kwamba alijaribu."

Nikauliza kama hakuna njia, hata neno moja. Akatikisa kichwa. Bwana Utaratibu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, maji yanamchuruzika, akaondoka taratibu akatuachia chumba.

Basi ni mimi. Mimi niliyezibandika picha mpaka mlango ukaziba, na ni mimi niliyekukataza kufungua karatasi nyingine, karatasi iwe moja tu, kama sheria ya serikali. Ukatii. Jumapili kumi unakaa mbele ya kioo cha maktaba, unasoma mama yako anavyokusema, unajibu, na jibu linatupwa. Na wiki inayofuata unarudi tena kusemwa.

Nyaya aliniuliza kama ningependa afute yale ya tarehe nane kabla hujayasoma. Nikamwambia hapana. Nimepigana mwezi mzima ili kisifutwe kitu, sitaanza na langu. Yasome, ujue mama yako mdomo wake, halafu usome haya ya leo, ujue na mengine.

Amenipasulia ile barua. Kila siku sasa ina karatasi yake, na picha zake. Kikomo cha kutoka nje amekipandisha. Rasimu hazitafutwa na mtu yeyote ila mwenyewe, ameandika hivyo kwenye mipangilio, na Bwana Utaratibu ameweka sahihi, karatasi imelowa lakini sahihi inaonekana. Mpishi amepelekewa habari. Amesema atabadili neno moja tu la mwisho.

Kesho ni Jumapili, nawe saa tisa utakaa mbele ya kile kioo. Usiiguse karatasi yangu. Bonyeza palipoandikwa "mpya", ufungue ya kwako, tupu, na uanze kuandika kabla hata hujatazama picha. Niandikie yale ya tarehe 4 Februari, kisha ya tarehe 11, uje nayo hivyo mpaka ya Jumapili iliyopita, yote unayoyakumbuka, hata kama ulinitukana. Bonyeza "hifadhi". Usisimame. Subiri mpaka litokee neno "imehifadhiwa", ulisome mara mbili. Halafu ndiyo umtazame mwanao akitembea, na ulie kwa nafasi yako.